Mnamtaka Rosa Aungame. Charles Je?

Nasema wazi tangu mwanzo, ili asiyetaka afunue ukurasa mwingine: nimechoka na Rosa anayeungama.

Mwaka huu pekee yamepita mikononi mwangu madaftari saba. Mengine ni ya wenzangu wa hapa Mugumu, mengine yaliletwa na basi kutoka Tarime mjini, na moja limeandikwa kwa kalamu ya kijani mpaka macho yakaniuma. Yote saba yanaendeleza hadithi ya Rosa Mistika. Na yote saba, haki ya Mungu, yanakwisha kwa namna moja. Rosa hafi. Usiku wa kuamkia arusi anamwita Charles kando ya ziwa. Analia. Anasema yote: wanaume, mimba zilizotolewa, yote. Charles ananyamaza, anatazama mawimbi, halafu anamfuta machozi na kumwambia kwamba yaliyopita si ndwele. Vigelegele. Mwisho.

Jamani! Saba!

Kwa asiyekijua kitabu, nieleze kidogo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji tu ukitokea kwetu Mara, na Rosa naye akamweka kijijini hukohuko. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi anayewachunga binti zake kwa fimbo. Barua moja tu ya mvulana ilimletea kipigo cha kuogofya. Basi akakua akiwaogopa wanaume kama simba, na siku fimbo ya baba ilipokuwa mbali, huko chuoni, akateremka mlima bila breki. Wanaume wakapita, mimba zikatolewa. Baadaye akataka kutulia, na Charles akataka kumwoa. Charles alipogundua kwamba Rosa si bikira, akamwacha. Rosa akajiua.

Kwa muda kitabu hicho kilikatazwa mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, na wengi wetu tumekisoma, wengine katika nakala isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo. Ukikimaliza unabaki na hasira. Unataka kumrudisha yule dada. Naielewa hasira hiyo, ndiyo iliyozaa madaftari saba.

Wenzetu wa nje wana jina la kazi hii: hadithi za mashabiki. Unachukua watu wa kitabu ulichokipenda, unawapa siku nyingine za kuishi. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo bwenini kabla hatujajua kwamba kuna jina. Tulipomaliza kusoma Takadini, kitanda cha juu kilikuwa na mwisho wake na kitanda cha chini kilikuwa na wake, na taa ilizimwa watu wakiwa bado wanagombana gizani.

Sasa nina ugomvi wa pande mbili. Nianze na wakubwa.

Katika kikao kimoja cha kusomeana kazi zetu, mwalimu mmoja wa fasihi tuliyemwalika alilishika daftari la kijana kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akasema: "Kitabu kikishafungwa kimefungwa. Anayeendeleza kazi ya mwenzake ni mvivu, na tena ni mwizi." Watu wakapiga makofi. Kijana akalikunja daftari lake na sijamwona tena kikaoni. Kwa ajili yake nataka kumjibu mwalimu, kwa heshima zote.

Mwalimu, Fumo Liyongo ni wa nani? Watu wa pwani wamemwimba na kumsimulia kwa vizazi. Muhammad Kijumwa akamwandikia utenzi mwaka 1913, na Emmanuel Mbogo akaja akamwandikia tamthiliya. Ni wezi hao? Mpiga ritungu wa kwetu akikaa na nyuzi zake nane arusini, wimbo ni wa zamani, lakini majina anayotia ndani ni ya waliokaa mbele yake siku ile. Hakuna anayemwita polisi.

Na tuje hapa jirani, Butiama. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Nchi nzima ikajivuna, na ilikuwa haki yake kujivuna. Lakini yule Shakespeare mwenyewe habari za Kaizari alizitoa kwa Plutarch. Wale wapenzi wake maarufu, Romeo na Juliet, walikwishakufa katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, kabla Shakespeare hajazaliwa. Kama kuendeleza watu wa mwenzako ni uvivu, basi tuanze kumchapa Shakespeare, halafu tutafika kwa kijana wetu wa Mugumu.

Kuna na mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unahusu jambo langu la leo. Mwaka 1847 Charlotte Brontë wa Uingereza alitoa riwaya ya Jane Eyre. Ndani yake bwana mmoja, Rochester, anataka kumwoa Jane. Wako kanisani tayari ndipo inapofichuka kwamba bwana huyu ana mke, na mke amefungiwa ghorofani, anasemwa ni kichaa. Watu wakaisoma riwaya hiyo zaidi ya miaka mia moja, na yule mke wa ghorofani hajapata kujieleza. Mwaka 1966 Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa kisiwa cha Dominica, akaandika riwaya ya mke yule. Akamtoa chumbani, akampa jina lake, utoto wake na kisiwa chake. Kitabu hicho, Wide Sargasso Sea, hakikukiua kitabu-mama. Kilikifanya kisomeke upya. Ukishakisoma, humwangalii tena Rochester kwa jicho lilelile.

Naukubali upande wa pili, nisije nikaonekana mshabiki tu. Cervantes wa Hispania alitoa Don Quixote mwaka 1605. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda akatoa sehemu ya pili ya kughushi. Cervantes alikasirika, akatoa sehemu ya pili ya kwake mwaka 1615, akamkejeli yule mtu humohumo ndani, na mwishoni akamwua shujaa wake ili asichukuliwe tena. Hasira yake ilikuwa ya haki. Yule mtu aliuza kitabu sokoni kwa jasho la mwingine. Na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Piga hesabu: mpaka 2070 hakuna kuchapa Rosa wako na kumuuza bila idhini ya wenye haki. Sawa kabisa, na mwandishi yeyote anayetarajia kula kwa kalamu yake aitetee sheria hiyo. Lakini kaunta buku linalopita mkono kwa mkono halijamnyang'anya mtu chakula. Ni shule yetu. Sisi tulioishia kidato cha nne hatuna darasa lingine la kujifunzia riwaya.

Basi, mwalimu, haki tunayo. Hapo ugomvi wangu wa kwanza unakwisha.

Ugomvi wa pili ni wa nyumbani, ni wangu na ninyi wenzangu, na huu hauna makofi. Haki tunayo, lakini tunaitumia ovyo. Tumemfufua Rosa kwa sababu moja tu: aje apige magoti vizuri zaidi.

Tazameni madaftari yenu. Rosa ndiye anayelia. Rosa ndiye anayesema. Rosa ndiye mwenye kitu cha kusema. Charles kazi yake ni kuwa mkubwa wa moyo. Hana jana. Hana msichana aliyemwacha popote. Hana woga, hana mama, hana wajomba. Katika kitabu-mama Rosa alipimwa na Charles akawa mpimaji. Sisi tuliokuja kurekebisha, tumerekebisha nini? Mpimaji ni yuleyule, ila safari hii amempa alama za huruma.

Halafu mnaniambia ati huo ndio ukweli baina ya wapenzi. Wapi bwana! Mmoja akivua nguo zote na mwingine akabaki na koti mpaka shingoni, hapo hawajaoga wote wawili.

Na kuna kosa la ufundi pia, maana hapa tunajifunza kazi. Ukichukua mtu wa kitabu-mama, unaruhusiwa kumbadilishia mambo yanayomkuta. Mhamishe mji, mpe kazi nyingine, mwokoe na kifo. Lakini tabia yake huwezi kuibadilisha kwa sentensi mbili kando ya ziwa. Charles wa Kezilahabi alikuwa mtu wa kuondoka. Ukitaka asamehe, ni ruhusa, ila niandikie njia aliyopita mpaka akafika huko. Kurasa arobaini za njia. Nani alimkaripia? Alikosa usingizi siku ngapi? Alipoteza nini? Ukiruka hiyo njia, umechukua kijana mwingine kabisa, ukamvalisha shati la Charles.

Na jambo la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika madaftari yenu ukweli ni bure. Rosa anasema, anasamehewa, wanaoana. Hakuna anayelipa hata senti. Ninyi mmekulia wapi? Si tumekulia wote hapahapa, Tarime na Serengeti?

Kwetu mtu haoi peke yake. Ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka. Ng'ombe wakiingia kwa huyu, wanatoka kwenda kwa yule. Sasa mwambie binti aseme ukweli usiku wa kuamkia arusi. Akisema na mume akaghairi, ng'ombe hawaji, au kama wamekwishakuja wanadaiwa. Kaka naye anabaki kapera, au ndoa yake inatikisika. Baba anasimama mbele ya ukoo akiwa hana jibu. Huyo binti akifungua mdomo, anafungua zizi. Mnajua hivyo vizuri, kila mmoja wenu ana dada. Lakini mkishika kalamu mnasahau, mnaandika kama watu waliozaliwa ndani ya sinema.

Hata Liyongo anatufundisha. Mtu aliyeshindikana kwa silaha zote alimwambia mwanawe siri ya mwili wake, kwamba hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwana akaichukua siri, akaja na sindano. Ukweli uliosemwa kwa mapenzi ndio uliomwua. Wazee waliotunga hadithi ile walijua kwamba kusema ni hatari. Sisi tumefanya kusema kuwe kama kumeza peremende.

Nyani haoni kundule. Najua mnasubiri kuniuliza: na wewe je? Haya, la saba katika yale madaftari ni langu. Sikutaja mapema kwa aibu. Kalamu ya kijani ni yangu.

Niliandika kurasa themanini na mbili. Mimi ndiye niliyemweka Charles akitazama mawimbi. Nikampa daftari binti ninayetaka kumwoa, nikidhani atalia kwa furaha. Yeye kwao ni upande wa Tarime, mimi kwetu ni Serengeti. Naye anaandika, na kusema kweli ananizidi. Alikaa nalo siku nne. Aliporudisha aliuliza swali moja tu: "Na Charles, yeye kasema nini?"

Nikamwambia, kasamehe.

"Nimeona. Nauliza kasema nini."

Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye akaniletea daftari lake. Naomba niwasimulie, maana hilo ndilo la nane, na ndilo lililonifungua macho.

Rosa wake hayuko Ukerewe. Amemleta barabara ya Tarime kwenda Mugumu, huku kwetu. Siri yake si ubikira. Rosa huyu ana miaka kumi na minne, Desemba imefika, shule zimefungwa, na nyumbani wanatayarisha sherehe za ukeketaji. Anatoroka usiku. Mnajua wanakotorokea: kuna kituo cha Masanga upande wa Tarime, na hapa Mugumu kuna Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, lakini kila msimu wasichana bado wanalazimika kukimbia. Rosa anakaa huko, anasoma, anakua. Kijijini jina lake linakuwa moja tu: msagane. Aliyekulia kwetu anajua uzito wa neno hilo. Msichana anaweza kuitwa hivyo kisimani mbele ya watoto wadogo, na watoto wakacheka.

Anakuja Charles. Na hapa ndipo mwandishi alinipiga. Rosa hana cha kuungama! Charles anajua yote tangu siku ya kwanza. Tena anamsifu. Anamwambia, "Nakupenda ulivyo, na ulivyofanya ni ushujaa." Wakiwa wawili, Charles ni mtu wa maana kweli. Halafu anakwenda kwa mama yake. Mama anauliza swali la kimama: huyu binti ni mtu mzima? Maana yake mnaijua. Na Charles anajibu, "Ndiyo mama, hana tatizo lolote."

Basi. Huo ndio uongo wa kitabu kizima. Maneno matano. Kurasa zote zinazofuata ni matunda yake: Rosa anaingia nyumba ya mume bila kujua kwamba amepewa sura ya mtu mwingine. Anasikia mama mkwe akiwacheka wasagane jikoni, anadhani anasemwa yeye. Kumbe mama hajui. Siku anayojua ndiyo siku Rosa anayogundua kwamba mumewe alimpenda chumbani na kumkana sebuleni.

Hafi. Anafunga mzigo wake, anarudi kufundisha. Charles anabaki mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika madaftari yote nane, Charles ndiye asiye na pa kuweka uso.

Nilipomaliza nilinyamaza muda mrefu. Baadaye niliona kwamba daftari lile limekibeba kitabu-mama kuliko yetu saba. Kezilahabi hakuandika msichana mwovu. Aliandika msichana aliyelelewa na uongo wa wanaume, kuanzia baba anayehubiri heshima huku amelewa. Mwenzangu amebadilisha kisiwa, mwaka na hata siri yenyewe, lakini swali lile la mwaka 1971 ameliacha liwake: kwa nini ni mwanamke anayetakiwa kuwa wazi, huku wanaompima wamejifunika? Sisi saba tulitunza majina, ziwa na arusi. Swali tukalizima.

Kwa hiyo wanaoniuliza kitabu-mama kinatufunga wapi, hilo ndilo jibu langu. Mambo yanayowapata watu wake hayatufungi. Swali lake linatufunga. Badilisha vyote, ila ukilizima swali usiseme unaendeleza. Sema unafuta.

Na wanaoniuliza ukweli wa wapenzi ni nini, najibu kwamba tumeutafuta mahali pasipo pake. Tunadhani ni yale ya usiku, watu wawili, machozi, mbalamwezi. Hayo ni rahisi. Hata mimi nayaweza. Ukweli wa mpenzi hupimwa mchana, mbele ya watu ambao huyo mwenzio hayupo kujitetea kwao. Ni kile Charles anachosema kwa mama, kwa wajomba, siku mshenga anapohesabu ng'ombe. Niandikieni hiyo siku. Hamjaiandika hata mmoja.

Wapo watakaosema nahubiri. Watasema msomaji wetu anatoka shambani, anatoka mgodini Nyamongo, anataka mapenzi matamu apumzike, hataki vikao vya ukoo. Nawajibu kwamba msomaji huyohuyo anatoka katika kikao cha ukoo. Anajua bei ya ng'ombe kuliko wewe. Ukimwandikia mapenzi yasiyo na gharama atayasoma, atacheka, atafungia maandazi. Ukimwandikia yale yaliyomkosesha usingizi, hatakurudishia daftari.

Sasa nimalizie na deni langu, maana nisipolilipa hapa nitakuwa kama yule wa mlangoni.

Aliponipa daftari lake aliniuliza swali la pili. Aliuliza taratibu, akiwa anafunga kamba za viatu: "Wewe mama umemwambiaje?"

Wasomaji wangu, mama alikwisha niuliza. Ilikuwa Pasaka, yuko jikoni, na aliuliza lilelile. Nilimjibu, "Mama, hayo tuyaache, huyo binti ni mzuri tu." Sikusema ndiyo. Nilijisifu moyoni kwamba sikudanganya. Lakini mama alitabasamu na kuendelea kusonga ugali, na mimi nililiona lile tabasamu, na nilijua ameelewa nini, na nikaliacha. Huyo ndiye Charles. Sikumtoa kwenye kitabu cha mtu.

Nilirudi nyumbani Jumamosi iliyofuata. Nikamwambia. Nilisema, "Mama, mchumba wangu hakukeketwa, alikimbia, na mimi nilijua tangu mwanzo, na namtaka hivyohivyo." Mama hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanangu, umeniweka mahali pabaya kwa wakwe zangu," akaingia ndani. Siku mbili hakunisemesha. Baba amesema suala la ng'ombe lisimame kwanza. Upande wa pili kuna kaka mtu anayewasubiri ng'ombe hao ili naye aoe, na sasa ananipita barabarani kama hanijui. Mpaka naandika haya, hakuna kilichotengemaa. Hakuna mawimbi, hakuna aliyefutwa machozi.

Ukurasa huu nimemsomea yeye kabla ya kuuleta kwa mhariri, kwa sababu siri ni yake na si mali yangu. Alikata sentensi mbili, akaruhusu zilizobaki. Akaniambia pia kwamba jina lake lisitajwe na kijiji chake kisitajwe, na nimetii.

Daftari la kijani nimelichana kuanzia ukurasa wa sabini. Kurasa za mwanzo nimeziacha, Rosa na ziwa lake wapo. Ninaanza upya pale Charles anapoingia jikoni kwa mama yake. Nimeshaandika swali la mama. Jibu la Charles limenichukua wiki nzima, na kila ninaloandika naliona bado linanukia uongo.

Yule kijana aliyekunja daftari lake mbele ya mwalimu, kama unasoma hapa, rudi kikaoni. Haki unayo. Ila ukija, tuletee Charles anayesema.